TAHADHARI: Shata za umeme za madirisha zisizofunguka umeme ukikatika

Ndugu mnaomalizia nyumba, kuweni macho na wauzaji wanaopita saiti hadi saiti wakinadi shata za umeme (yale mapazia magumu ya vipande yanayojikunja kwenye bomba lililo ndani ya boksi juu ya dirisha) kuwa ndiyo kinga ya wezi. Shata zenyewe hazina ubaya. Ubaya uko kwenye mota wanayofunga: haina njia yoyote ya kufunguliwa kwa mkono. Moto ukitokea usiku shata zimeshushwa, chumba cha kulala kinabaki na mlango peke yake, na huenda moshi unaingilia hapo hapo mlangoni.

Watu wengi wanaliwa kwenye rimoti. Muuzaji anabonyeza, shata inapanda, anasema "hii ni ya betri, umeme ukikatika usihofu". Betri ya rimoti inatuma mawimbi tu. Mota iliyo ndani ya bomba inataka volti 230, na ya dirisha la kawaida hula kati ya wati 100 na 200. Umeme ukiondoka, breki ya mota inashika pale pale. Usitegemee kuinyanyua kwa mabega. Zile klipu za chuma zinazounganisha pazia la shata na bomba huwekwa ili mwizi asiinue kutoka nje, na wewe uliye ndani zinakuzuia vilevile.

Penye moto umeme huondoka mapema. Waya zikiungua zinapiga shoti, sakiti breka inaanguka, au jirani anakimbilia meni swichi na kuizima, na kwa kweli anafanya sahihi. Wakikuahidi inveta, uliza waya wake unapita wapi. Ukipita darini, unaweza kuungua kabla hujaamka. Hali kadhalika ile "sensa ya moshi inayofungua yenyewe": bila umeme kwenye mota, haifungui kitu.

Mota ya kununua utaijua kwa kuitazama kichwani, yaani ile ncha yake inayobaki nje ya bomba. Yenye mkono wa dharura ina pete au tundu la pembe sita, unachomeka hendeli na kuzungusha. Isiyo nao inatoa waya tu. Zile nyembamba za milimita 35 kwa kawaida hazina. Tafuta ya milimita 45, inayoingia kwenye bomba la pembe nane la milimita 60. Makadirio ya bei yakiandika "mota 20 Nm" na kuishia hapo, hujaambiwa jambo la maana, kwa sababu hiyo ni nguvu ya kunyanyua tu. Dai iandikwe "mota yenye mkono wa dharura, hendeli ikae ndani ya chumba".

Halafu kuna ujanja wa sampuli: dukani unaonyeshwa yenye pete, saitini inafungwa isiyo nayo, na boksi linazibwa kwa jipsamu kabla hujakagua. Usiruhusu jipsamu ipigwe kabla hujaona kichwa cha kila mota kwa macho yako, na boksi liachiwe kifuniko cha skrubu. Angalia pia pete isiwe imetokezwa upande wa nje ya nyumba.

Kabla ya malipo ya mwisho, shusha shata zote, zima meni swichi, zima na inveta. Ingia chumbani na fundi, fungeni mlango, rimoti ibaki nje. Mwambie afungue kwa kilichomo humo chumbani, wewe ukishika saa. Akianza kuuliza hendeli iko wapi, jibu umeshalipata. Hata ikiwepo, kuzungusha kunachukua muda, na gizani penye moshi muda huo ni mrefu mno. Ndiyo maana tunashauri kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye shata ya mkanda, ile ya kuvuta kwa mkono. Haina mota, na mtoto mkubwa anaweza kuipandisha.

Uwazi wenyewe nao upimwe. Ujerumani, ambako shata za madirisha ni za kawaida, kanuni ya mfano ya ujenzi inataka dirisha la kutokea dharura liwe na uwazi wa angalau mita 0.90 kwa 1.20, na ukingo wa chini usizidi mita 1.20 kutoka sakafuni. Marekani wanakubali dogo zaidi: upana angalau sentimita 51, kimo sentimita 61, lakini eneo lote lisipungue mita za mraba 0.53. Sasa chukua dirisha letu la aluminiamu la kusukuma, upana mita 1. Linafunguka nusu tu, ukitoa fremu unabaki na kama sentimita 45. Hapo mtu mzima anapita kwa taabu. Dirisha la kutokea liwe la kufunguka kama mlango. Na kama nyuma yake kuna grili ya nondo, iwe na bawaba na komeo la ndani lisilo na kufuli, la sivyo hata shata nzuri kiasi gani haitakusaidia.

Kwa mliokwisha kufungiwa: bomba likiwa la milimita 60, mara nyingi mota inabadilishwa bila kubadilisha pazia, kwa hiyo usikubali kuuziwa seti nzima upya. Hadi ibadilishwe, kila chumba anacholala mtu kiachwe na shata moja imepandishwa juu kabisa usiku kucha.