Uzoefu wangu na dbx 223s: gitaa moja, amplifaya mbili

Kundi letu halina mpiga besi. Tuko watatu, ngoma, saksafoni na gitaa langu, tunapiga bango, muziki wa pwani, na nyimbo za zamani kwenye hoteli za Nyali na Bamburi na harusi za kisiwani Mombasa. Besi yote iko kwenye kidole gumba changu. Ndiyo sababu nikanunua dbx 223s, krosova ambayo kwa kawaida utaiona kwenye raki za wakodishaji vyombo, wala haikutengenezwa kwa kumfikiria mpiga gitaa. Nimeitumia msimu mzima na naipenda sana, ila ina masharti yake.

Kazi yake ni kuigawa sauti kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz). Inaingia moja, zinatoka mbili: nzito inaenda kwenye amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 15, nyembamba kwenye amplifaya yangu ya gitaa yenye spika ya inchi 12. Pa kukatia unapachagua mwenyewe, kuanzia 45 Hz hadi 960 Hz, na kuna kitufe cha kuzidisha mara kumi ambacho kwa gitaa sina haja nacho. Mchujo ni wa aina iitwayo Linkwitz-Riley, unaoshusha sauti desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili. Ukikata kwenye 200 Hz, basi kufika 400 Hz upande wa besi umeshashuka takriban desibeli 24, karibu umenyamaza. Pale penyewe pa kukatia kila upande unashuka desibeli 6, na zikikutana hewani zinakuwa sawa, hakuna shimo wala nundu. Waya wa kugawa wa kawaida hauwezi haya. Wenyewe unapeleka kila kitu kila mahali.

Mimi nakata karibu na 200 Hz. Nyuzi za gitaa zikiwa wazi ni takriban 82, 110, 147, 196, 247 na 330 Hz, kwa hiyo sauti za msingi za nyuzi tatu nene zinabaki upande wa besi, na ya uzi wa nne inagawanyika karibu nusu kwa nusu. Usidhani lakini kwamba nyuzi zenyewe zinatenganishwa. Kila uzi una sauti zake ndogo ndogo juu ya ile ya msingi, na hizo zinavuka upande wa pili pamoja na mgoto wa kidole. Ndiyo maana besi haisikiki kama imetengwa na gitaa. Nikipandisha hadi 400 Hz melodi inapasuka katikati, nusu huku nusu kule. Sipapendi.

Faida kubwa kuliko zote iko kwenye pedali ya ovadraivu, ile inayoipa sauti ya gitaa mkwaruzo. Ukikwaruza gitaa zima, noti nzito na noti nyembamba zinagongana ndani ya pedali na kuzaa sauti ambazo hukuzipiga. Piga 110 Hz na 247 Hz pamoja: utapata pia jumla yao, 357, na tofauti yao, 137, na zote mbili hazina nafasi kwenye wimbo. Tope la sauti linatoka hapo. Kwa hiyo krosova inakaa kabla ya ovadraivu, na ovadraivu inakaa upande wa sauti nyembamba peke yake. Besi inabaki safi, juu unakwaruza utakavyo. Wengi huiweka krosova mwisho, baada ya pedali zote. Hapo spika zitapumua, lakini tope unaligawa likiwa limeshaiva. Kwenye harusi moja Tudor, tulipoingia chakacha, mzee wetu wa saksafoni aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, besi kapiga nani?"

Masharti sasa. Gitaa lenye pikapu (sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi) za kawaida, zisizo na betri, usilichomeke moja kwa moja humu, sauti itafifia. Tanguliza priamp au pedali ya bafa, vifaa vya kuiimarisha sauti ya gitaa kabla haijafika hapa. Vidhibiti vya kutokea viteremshe, kwa sababu kifaa hiki kinazungumza kwa nguvu ya mikseri, na mlango wa mbele wa amplifaya ya gitaa haukuzoea nguvu hiyo. Kitufe cha kukata chini ya 40 Hz kibonyeze, kitaondoa vishindo vya jukwaa. Baadhi ya amplifaya hugeuza wimbi juu chini, na hapa kila tokeo lina kitufe chake cha kuligeuza tena: jaribu pande zote mbili, chagua ile yenye mwili.

Mngurumo wa 50 Hz utakuja, maana amplifaya mbili zenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) zikiungwa kwenye gitaa moja zinafanya duara. Dawa yake ni transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti wa upande mmoja, si kwenye waya wa umeme. Kukata mguu wa ethi kwenye plagi ni kuhatarisha roho, na nimeona mafundi wakishauri hivyo. Tafadhali msiwasikilize.

Spika ziweke jirani. Wimbi la 200 Hz lina urefu wa kama mita 1.7, na ukizitenga mbali wasikilizaji wa pembeni wanapata sauti iliyokosa kati. Jeki nazifuta mara kwa mara, chumvi ya pwani haina huruma.

Kama mna mpiga besi, msinunue. Mtabanana chini na yeye ndiye atakayeumia. Kwa mpigaji wa peke yake, au kundi dogo kama letu, naipendekeza kwa moyo wote. Ila mzigo unaongezeka. Kazi ikiwa ng'ambo ya Likoni, tuktuk moja haitoshi, na nauli ya tuktuk ya pili naiweka kwenye bei tangu siku ya kukubaliana.