Katambuga za Wararámuri: tairi, ngozi na peso 400

Katambuga nilizonunua kando ya barabara inayotoka mji wa Creel kwenda Cusárare, jimbo la Chihuahua, hazina nembo, hazina boksi, hazina namba ya saizi. Soli ni kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu kufuata wayo wangu. Kina matundu matatu: moja kati ya kidole gumba na kinachofuata, na mawili karibu na kisigino, upande huu na ule. Ukanda mmoja mrefu wa ngozi unapita kwenye matundu yote, unazunguka kifundo cha mguu na kufungwa. Hakuna gundi wala uzi. Nililipa peso 400. Mimi ni mkimbiaji wa masafa marefu, naishi Mexico City na kazi yangu ni ukalimani, na katika viatu vyote nilivyovaa nchi hii sijapata ninavyoviamini kwenye njia ya mawe kama hivi.

Wenyeji huziita huarache. Aina ziko nyingi, kila mkoa na zake. Ninazozisemea hapa ni za Wararámuri, watu wa milima ya Sierra Tarahumara, ambao wengi huwaita Watarahumara. Creel iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari, kwenye reli ya Chepe inayoshuka hadi karibu na pwani ya Pasifiki. Watalii huteremka hapo kwenda kuyaona makorongo ya Barrancas del Cobre, na maduka ya zawadi yamejipanga kuwangojea. Mimi nilikuwa namtafuta fundi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayeishi kupita kidogo ziwa Arareko. Mkewe alikuwa chini ya mti akisuka vikapu vya majani ya msonobari, na nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la matairi. Tulisalimiana kama wanavyosalimiana huko, kwa kugusana ncha za vidole tu, bila kuubana mkono wala kuutikisa. Kuira, alisema, nami nikaitikia kuira. Kisha akaitazama miguu yangu muda mrefu kuliko alivyoitazama sura yangu.

Alinisimamisha peku juu ya kipande cha raba, uzito wote kwenye mguu mmoja, kwa sababu wayo uliobeba mwili hutanuka, akauchora pembeni kwa mkaa. Halafu mguu wa pili, kwa kuwa haifanani. Pale penye kidole gumba aliingiza kidole chake, akabonyeza, akasogeza kidogo, akabonyeza tena, ndipo akatia alama ya tundu. "Tundu la mbele likikosea, mama, mguu mzima unakosea," aliniambia kwa Kihispania cha taratibu. Tairi la kwanza alilikataa baada ya kuchanja ukingo wake na kuona waya za chuma; akaenda kutafuta jingine lenye nyuzi za kitambaa. Akakata, akapunguza kisigino, akanivalisha, akanituma nitembee mpaka barabarani na kurudi, akapunguza tena. Fundo la gidamu, lile linalokaa chini ya soli, alilichimbia kishimo kwa ncha ya kisu lisisuguane na mawe, kisha akaligonga mpaka likalala. Nimewahi kununua viatu vya mbio kwa bei mara kumi ya hiyo, na huduma yote niliyopata ni kuambiwa nijaribu saizi inayofuata.

Anayeziona mara ya kwanza hudhani ni viatu vya mtu aliyekosa vingine. Tairi kweli lilikuja baadaye. Soli za zamani zilikuwa za ngozi. Lakini umbo lake limefundwa na mbio. Wanaume wana mchezo wa rarajípari: timu mbili, kila moja na mpira wake wa mti. Mkimbiaji huuinua mpira kwa mbele ya mguu, huurusha, wenzake huufuata, mlima na bonde, na shindano huweza kupita usiku mzima kwa mwanga wa mienge ya msonobari huku watu wameweka dau la vitambaa, mifugo na fedha. Wanawake wana ariweta, mbio za kurusha pete kwa kijiti. Kiatu kinachoacha vidole wazi na bado kikakaa mguuni katika kazi hiyo si kiatu cha kubahatisha.

Na Mexico imejua hivyo tangu zamani. Mwaka 1926, Wararámuri Tomás Zafiro na Leoncio San Miguel walikimbia kutoka mji wa Pachuca hadi mji mkuu, karibu kilomita 100, kwa muda usiofika saa kumi. Miaka miwili baadaye, 1928, Wararámuri wawili, José Torres na Aurelio Terrazas, walivaa rangi za taifa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Amsterdam. Hawakurudi na medali, na mimi sishangai. Kumchukua mtu aliyezoea kukimbia tangu jua linazama hadi linachomoza, ukampa kilomita 42 za barabara tambarare ya Uholanzi, ni kumwita mezani kisha kumwondolea sahani.

Medali zao zilikuja kwa njia nyingine. Leadville, Colorado, Marekani, 1993: maili 100 milimani, sehemu kubwa ikiwa juu ya mita 3,000, na mshindi ni Victoriano Churro, mzee wa miaka 55, miguuni katambuga za tairi. Mwaka uliofuata Juan Herrera alishinda mbio hizo hizo kwa saa 17 na dakika 30, akamwacha nyuma Ann Trason, mmoja wa wakimbiaji wakubwa kabisa wa masafa marefu. Kisha 2017, katika mbio za Cerro Rojo jimboni Puebla, María Lorena Ramírez alishinda kilomita 50 za wanawake akiwa na sketi yake ya kitamaduni na katambuga. Picha yake ilienea nchi nzima. Kwenye kundi letu la mbio pale Viveros de Coyoacán, bustani ya miti ya Mexico City, hakuna mtu asiyemjua, na yapo mabinti waliokuja kuanza kukimbia kwa sababu yake.

Ila kuna namna ya kuwasifu inayoniudhi. Matangazo hupenda kuwaonyesha kama viumbe wa ajabu waliozaliwa na mapafu tofauti. Mwaka 2020 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake walichapisha makala wakilipinga wazo hilo: Wararámuri hukimbia kwa sababu mbio kwao ni ibada, ni ujirani, ni furaha ya kijiji, na stamina yao hujengwa na kazi ya kila siku na ngoma za usiku kucha. Hilo ndilo nililoliona kwa macho. Mkewe yule mzee alipanda kilima na mzigo wa kuni akashuka, wakati mimi nahema kwa kufunga kamba tu.

Sasa niseme zinavyokimbia. Siku za mwanzo zilinitesa vigimbi. Soli haina mto chini ya kisigino, kwa hiyo mguu wenyewe hujifunza kutua kwa sehemu ya mbele, hatua zinakuwa fupi na za haraka, na misuli ya nyuma ya mguu inafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na sponji. Anza na mzunguko mmoja wa Viveros, ule wa udongo unaopungua kidogo kilomita mbili na robo, halafu rudi kwenye viatu vyako. Kati ya kidole gumba na cha pili ngozi itachubuka kabla haijakomaa. Mafuta kidogo ya mgando husaidia. Usiende lami nazo mapema. Kwenye lami zina kelele, na raba haisamehi.

Mlimani ndiko zilikonishika moyo. Nimezikimbilia njia za Ajusco, mlima wa kusini mwa Mexico City, kwenye mawe ya volkano yenye meno, na tairi halijakatika mahali popote. Changarawe huingia, lakini hutoka hatua inayofuata bila kusimama. Kuvuka kijito si habari tena: unapita, maji yanamwagika, unaendelea, wakati wenzako wanakimbia na soksi zilizolowa. Ni nzito kuliko kiatu cha mbio cha kisasa, sikatai, na uzito huo unausikia ukishachoka. Ila unajua kila jiwe ulilokanyaga.

Udhaifu wake ni mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba, Mexico City hunyesha karibu kila alasiri, na raba ikilowa upande wa ndani wayo hutelezea mbele, hasa ukiwa unateremka. Ukanda wa ngozi nao hurefuka ukiwa mbichi na kukaza ukikauka, kwa hiyo utafunga upya njiani. Nimeona wakimbiaji wengine wakibandika kipande chembamba cha ngozi juu ya soli. Inasaidia kwa utelezi, ingawa ngozi hiyo hukaa na maji. Mimi nimeziacha kama zilivyo, na siku za mvua kubwa navaa viatu vingine. Soli yenyewe sioni itaisha lini. Kinachokwisha ni ukanda, na mzee alinipa wa akiba bila mimi kuomba.

Kabla ya kwenda kaskazini nilikuwa nimenunua jozi nyingine katika soko moja la kazi za mikono la Mexico City, muuzaji akiapa ni za Wararámuri. Matundu yote yalikuwa mahali pamoja kwa kila saizi, kana kwamba binadamu wote wana mguu mmoja, na baada ya muda mfupi waya ya chuma ilichomoza pembeni ikanichana kifundo. Ukikunja soli ukasikia kitu kigumu ndani, irudishe mezani.

Mwigo wa aina hiyo umefika hadi juu. Agosti 2025 kampuni ya Adidas ilikwenda Villa Hidalgo Yalálag, Oaxaca, kuomba radhi hadharani, baada ya kutangaza kiatu kilichofanana na huarache za Wazapoteki, watu wa asili wa hapo, bila kuwashirikisha. Tangu Januari 2022 Mexico ina sheria ya shirikisho inayolinda urithi wa kitamaduni wa watu wa asili na wa Wamexico wenye asili ya Afrika, na jamii ndiyo yenye haki ya kuruhusu au kukataa. Nilifurahi kuona kijiji kikiombwa radhi mbele ya watu wake wenyewe. Ila kwa mnunuzi wa kawaida haki hiyo inaanzia kwenye bei. Pale kwa mzee nilimwona mgeni mmoja akibishana mpaka peso 400 zikawa 200, kisha akapiga picha na jozi yake akitabasamu. Kazi ya karibu nusu siku! Nchi inayomshangilia Lorena Ramírez kwenye televisheni haipaswi kumnyima fundi wa miguu yake peso 200, na sisi wageni tunaoishi humu hatupaswi hata kidogo.

Ukiamua kwenda: toka Chihuahua kuna mabasi mpaka Creel, na kutoka hapo wanawake wanaouza vikapu ziwani Arareko watakuelekeza kwa fundi ukiuliza kwa adabu. Beba fedha taslimu. Sema wazi kuwa unataka za kukimbia, maana za mapambo hukatwa nyembamba na ukanda wake ni mwepesi. Nenda asubuhi, ukae mpaka amalize, na utembee nazo mbele yake, kwa sababu marekebisho ya tundu la mbele hayawezekani ukiwa umeshapanda basi. Mwenye tatizo la kano ya kisigino aachane nazo kabisa. Na ukitaka jozi ya mtoto, mpeleke mtoto mwenyewe. Nilimpa mzee mchoro wa mguu wa binti yangu kwenye karatasi, akaukunja akanirudishia.