Uzoefu wangu: boneti ya kaboni na fenda za bati kwa Altezza, kazi ya mafundi wa hapahapa Unguja

Haya wadau, wengi mmenisimamisha njiani mkaniuliza hii gari yangu, Toyota Altezza, kafanya nani, bora niandike mara moja yaishe. Jina la karakana sitaji kwa sababu kuna pahala ntawasema, ila ni watu wa hapahapa mjini, asili yao faiba (nyuzi za kioo) za boti, baadae wakaingia kwenye gari, na wana mzee mmoja wa bati ambae kashika nyundo toka ujana wake. Nliwapa kazi mbili, boneti ya kaboni faiba na kutanua matao ya magurudumu yote manne kwa bati lenyewe, si yale ya faiba ya kubandika na kupiga riveti. Gari hii ni ya kuonyeshwa jamani, kazini nakwenda na Vespa, kwa hiyo asije mtu akanambia ningenunua Noah.

Naanza na bati maana ndipo walipoikosha roho yangu. Mzee hakugusa bodi kwanza, alitaka rimu mpya zifungwe, gari ishushwe mpaka ule urefu itakaokaa, usukani uzungushwe mpaka mwisho huku na huku, ndo akaanza kukata maboksi na kupinda nondo nyembamba kutafuta umbo la tao. Bati lenyewe geji 20, yani milimita 0.9 hivi, analipiga kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga mpaka livimbe, halafu analipitisha kwenye ile mashine ya magurudumu mawili, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka alama za nyundo zipotee. Hategemei macho, anapapasa na kiganja juu ya kitambaa laini, akifika pahala anasema "hapa pana tumbo", mie naangalia sioni kitu, anapitisha penseli, kweli pana tumbo!

Kuchomelea ndo kunaharibu bodi nyingi huku kwetu. Bati jembamba ukilichomelea mstari mmoja kwa pupa linavuta, likishapoa limejikunja, ndo utaona fundi anazika mawimbi kwa puti, ule udongo wa kujazia bodi. Huyu alikuwa anatia nukta moja hapa, nyengine mbali kule, anaacha ipoe, anarudi, na kila nukta anaigonga nyundo juu na chuma chini ili pale palipojivuta patanuke tena. Kazi ya kuchosha kuitizama wallahi. Lakini leo ukipitisha sumaku kwenye tao jipya na kwenye bodi ya zamani, inashika vilevile, maana yake puti ni utando tu. Mie kila fundi wa bodi nampima kwa sumaku, akinuna najua. Ndani ya tao kapiga praima ya epoksi na nta, na akaacha vitundu vya maji kutoka, kwa sababu huku upepo wenyewe una chumvi na kutu haianzi mbele unapoona, inaanza nyuma.

Sasa kaboni. Kwanza waliniuliza nataka ipi, na hapa nawapa heshima kwa sababu wengine hawaulizi. Kuna boneti inayoitwa ya kaboni ambayo ni faiba ya kawaida imewekwa pasi (tabaka) moja ya kaboni juu, uzito haupungui kitu, na kuna ya kaboni tupu juu na chini. Ukitaka kujua uliyouziwa funua uangalie chini na kwenye ncha, ukiona weupe au ukijani wa faiba basi umelipa urembo. Si dhambi, kwa gari ya kuonyeshwa inatosha kabisa, ila iuzwe kwa jina lake. Yangu nlichagua tupu, na bei ilikaribia mara tatu ya ile ya faiba, kitambaa chenyewe kilitoka Dubai. Nyuzi zake zimeunganishwa 3,000 kwa kila utepe, ndo ile inayoitwa 3K, imefumwa ile mistari ya mshazari, na wakaikata katikati ili kulia na kushoto zikutane kama mgongo wa samaki. Hapo walitulia, mstari wa kati umenyooka kuanzia nembo mpaka kwenye waipa.

Kalibu waliitoa kwenye boneti yangu ya asili. Ilikuwa na kibonyo kidogo na mzee akakinyoosha kwanza, maana kalibu inanakili kila kitu mpaka alama ya ukucha. Wakalaza kitambaa na rezini ya epoksi, ile gundi ya maji inayoganda, wakafunika plastiki, wakaziba pembeni, wakawasha pampu ya kuvuta hewa. Ile hewa ikitoka yote, uzito wa hewa ya nje unaokandamiza unafika karibu tani 10 kwa kila mita mraba, ndo maana rezini ya ziada inatoka na vitundu vya hewa vinakwisha. Umeme ulikatika katikati, nikashika kichwa, lakini jenereta ilikuwa tayari mlangoni. Wamezoea.

Kosa lao lilikuja baadae na linahusu jua. Epoksi iliyokaushwa kwa joto la kawaida tu, ikija kupata joto la nyuzi 50 au 60 inaanza kulegea, sasa boneti nyeusi juani wakati wa kaskazi, mashine inachemka chini yake, inapita hapo bila shida. Inatakiwa baada ya kukauka ipikwe, yani iwekwe kwenye boksi la joto ipandishwe polepole mpaka nyuzi 70 au 80, ndo inakomaa. Yangu haikupikwa. Walinipa inang'aa kama kioo, nikaipaki juani Maisara, baada ya muda ufumaji wa kitambaa ukaanza kuonekana kwa juu, ukipitisha kidole unausikia chini ya klia, ile rangi angavu ya juu, na kona ya upande wa waipa ikanyanyuka. Nikarudi nao. Kijana wa pale kaanza na hadithi ya "bro hiyo ni hali ya hewa", nikamwambia hali ya hewa ya Zanzibar mmeijua leo? Mkubwa wake akaingilia kati, akakubali. Wao mazoea yao ni rezini ya boti, polista, ile unaweza kuongeza hadina (dawa ya kugandisha) kidogo ikakauka haraka, epoksi haiko hivyo, kipimo ni cha mizani na ukizidisha hadina hukuiharakisha, umeiharibu. Sisemi waliizidisha yangu, ila kupika hawakupika na hilo walikiri. Wakajenga boksi la plaiwudi lenye hita, wakaipika juu ya kalibu yake ili isipinde, wakaipiga msasa, klia upya. Kazi hawakunitoza, klia nlilipa mie. Mpaka leo imetulia.

La pili dogo lakini muhimu kwa watu wa pwani. Kaboni inapitisha umeme, ikigusana na alumini au chuma chenye zinki halafu chumvi ikaingia kati, ile metali inaliwa haraka sana. Kwenye bawaba waliweka pasi ya faiba ya kioo kati ya kaboni na chuma, vizuri, ila bolti walitia za kawaida za zinki na zikaanza kutoa unga mweupe. Nikazitoa mwenyewe, nikaenda kwa wauza vifaa vya boti nikanunua za stenlesi na washa za plastiki. Pia dai pini za boneti mbele, hii nyepesi mno kutegemea komeo la asili peke yake, ikifunguka barabara ya Fumba unapigwa usoni.

Na klia iwe ya tupaki, ile ya kuchanganywa na hadina, yenye kinga ya jua, epoksi peke yake inageuka manjano. Ukipita pale wanapopiga msasa kaboni usisimame bila barakoa, lile vumbi jeusi linawasha mwili na halifai kifuani.

Kwa jumla bati nawapa kumi kwa kumi, kaboni saba, na ile saba ni kwa vile walirudia bila ugomvi mkubwa. Muda waliahidi kabla ya Idi, wakanipa baada ya Idi, hilo mnalijua wenyewe. Buti nimeshawapelekea wiki iliyopita, nataka mkia mdogo ulionyanyuka kwa nyuma, na nimemwambia mzee ya bati.