Konekta ya waya ya pini tatu 10A: nyumbani inafaa ila sio kwa kila kitu

Hii nilichukua Kariakoo, ile nyeusi ya plastiki vipande viwili, kimoja kina pini kingine matundu. Nilitaka kurefusha waya wa pasi maana haufiki mezani, fundi wa mtaani yeye akasema anasokota tu anapiga tepu basi. Tepu kwenye pasi mi hapana, ikipata joto gundi inaachia.

Kabla ya kuifunga nikaikagua. 10A 250V, yaani kiwango cha juu inachobeba, imechongwa kwenye plastiki yenyewe, sio kwenye boksi tu, hapo nikaipa maksi. Pasi yangu wati 1200, gawa kwa 230 unapata kama 5.2A, inabeba vizuri. Birika la wati 2200 linakula karibu 9.6A, kwa hesabu linapita ila mi siweki, skrubu ikilegea kidogo tu pale panachemka plastiki inaanza kuyeyuka, na fyuzi ya 13A kwenye plagi haikati kitu kwa sababu umeme wenyewe haujazidi. Nikagusisha na sumaku ya spika mbovu kwenye pini, haikunasa, kwa hiyo sio chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Kilichonikera ni kibanio cha kushika waya usichomoke, kidogo mno, waya wa 1.5mm² unaingia kwa kulazimisha, na skrubu laini bisibisi inateleza. Halafu maelekezo hamna kabisa wakati kuna kitu kimoja ukikosea ni hatari: upande wa matundu ndo unakaa kwenye waya unaotoka ukutani, pini zinakaa upande wa pasi. Ukigeuza, siku ikichomoka una pini zenye umeme wa 230 ziko wazi sakafuni na watoto wanapita. Nilimuuliza muuzaji akajibu "popote tu kaka" 😂

Rangi za waya ni kawaida, kahawia moto (unaoleta umeme), bluu nyutro (unaorudisha), kijani-njano athi (wa usalama, unapeleka umeme ardhini ukivuja). Zipo za pini mbili bei chee ila pasi ina bodi ya chuma, athi lazima, hizo labda feni ya waya mbili.

Nikimaliza kupiga pasi rundo la nguo huwa naishika, haina joto. Nje usiweke, haina raba ya kuzuia maji, za nje tafuta zilizoandikwa IP44, yaani zinazohimili maji ya kurukia. Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya kile kibanio.