Kihindi masikioni au maandishi chini ya kioo?

Filamu za Hollywood za mashine na viumbe vya ajabu huwafikia Wahindi wanaosema Kihindi kwa njia mbili: zikiwa zimetiwa sauti za Kihindi, au zikiwa kwa Kiingereza chenye maandishi ya tafsiri chini. Ukibaki na Kiingereza chenye maandishi, unapata sauti halisi ya mwigizaji, ila ukiinua macho kutoka kusoma, dinosau keshapita. Kihindi ndicho chenye mvuto. Jurassic Park ilipotiwa Kihindi mwaka 1994, iliwavuta watu ambao filamu za Kiingereza hazikuwahi kuwagusa. Tena hawatafsiri kavukavu: katika Deadpool 2 ya 2018, shujaa alipewa sauti ya Ranveer Singh, nyota wa Bollywood mwenyewe, na vijembe vikageuzwa vya nyumbani. Midomo haiendani na maneno, kweli. Mimi nachukua Kihindi, labda filamu iwe ya kunong'onezana.