Kulala kwa wenyeji Makangale, Pemba: pazuri mno, ila na watoze

Kwa mtu mwenye pesa ya kuhesabu anayetaka kuiona kaskazini ya Pemba, sijaona njia bora kuliko kulala kwa wenyeji. Hoteli za pwani ya Kigomasha zinataka pesa nyingi, na gesti za bei ya kawaida utazikuta Wete au Chake Chake, mbali na kule unakotaka kuamkia. Mie nilifikia kwa familia moja ya Makangale, jirani na Msitu wa Ngezi. Aliyeniunganisha nao ni mwalimu mwenzangu aliyezaliwa huko. Hawana kibao wala tangazo. Wanapokea mgeni anayeletwa na mtu wanayemjua, awe wa Unguja, wa bara au Mzungu.

Unapanda boti hadi Mkoani, gari ya Chake, halafu gari ya Konde. Kutoka Konde nilichukua bodaboda, na hapo ndipo safari inapolipa, maana barabara inapasua katikati ya Ngezi. Miti imefunga juu, jua hulioni, na ubaridi unakupokea ghafla.

Jambo la kwanza baada ya chai, kijana wa nyumba alinipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Nikaandikwa jina na namba ya kitambulisho, nikaulizwa nimetokea wapi na nitaondoka lini. Msilione hilo kuwa ni usumbufu. Ndio utaratibu wa shehia, na ukishaandikwa unatembea kijiji kizima bila mtu kukuuliza wewe nani.

Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha mbao, shuka zimefuliwa zikanukia udi, chandarua nilichokikagua pembe zote bila kuona tundu, na feni. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo joto la usiku lina dawa, ingawa kuna usiku umeme ulikatika tukahamia barazani mpaka uliporudi. Mlango una komeo la ndani. Nalitaja kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaosafiri peke yao. Choo cha kuchuchumaa na bafu viko uani, safi kabisa, na unaoga kwa kata. Mtu asiyeweza kuishi bila bomba la mvua asiende.

Chakula ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Asubuhi chai ya mchaichai na mkate wa mofa unaotoka motoni, au muhogo wa kuchemsha na samaki wa jana. Mchana wali na mchuzi wa pweza wa nazi, pweza amepigwa na kuchemshwa mpaka analainika bila kumong'onyoka. Tulikula sinia moja, wanawake ndani, wanaume barazani, na bi mkubwa alikuwa akivunja minofu mizuri ya samaki na kuisukuma upande wangu bila kusema kitu. Chakula cha namna hii hakipikwi kwa kuagiza. Kinapikwa kwa ajili ya nyumba, na wewe umo ndani ya nyumba. (Mwezi wa Ramadhani usitegemee chakula cha mchana, na mavazi ya heshima ni ya mwaka mzima.)

Nilikwenda msimu wa karafuu, na nawashauri nanyi mwende wakati huo. Baada ya Isha magunia yanamwagwa ukumbini, watu wanakaa duara kuchambua. Nilimtazama bi mkubwa: anashika kishada, anakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinamwagika jamvini, makonyo yanabaki mkononi anayatupa upande wake. Hatazami. Anazungumza habari za harusi ya mpwa wake huku lundo linakua. Nilipewa sehemu yangu, na vidole vikabaki na rangi na harufu ile mpaka nilivyorudi kazini. Kukicha zinaanikwa uani, na wingu likijitokeza kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia majamvi. Zikikauka wanaziuza kwa ZSTC, shirika la serikali. Hapo ndipo ada za skuli na bati za nyumba zinapotoka, na baada ya kukaa kwenye lile duara nilielewa kwa nini Mpemba hawezi kuisikia karafuu ikizungumzwa ovyo.

Binti wa nyumba alinipeleka Vumawimbi. Mchanga mweupe mwendo mrefu, wavuvi wachache, hakuna wa kukuuzia kitu, kwa hiyo chukua maji. Ngezi unalipa kiingilio na kupewa wa kukutembeza. Mwambie akuonyeshe mpapindi, mti wa jamii ya minazi, na popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani penginepo duniani.

Sasa lawama yangu. Nilipouliza bei, nikajibiwa, "Toa ulichojaaliwa, mwanangu." Nikauliza tena, jibu likawa lile lile. Nami niliona kwa macho yangu mtoto akipewa noti aende pwani kuwahi pweza kwa sababu nyumba ina mgeni. Wakanisimulia kijana mmoja aliyekaa mpaka akazoeleka kijijini, siku ya kuondoka akapiga nao picha, akashukuru, akapanda bodaboda. Hawakumlaumu. Mie namlaumu.

Wasafiri wengi wa aina yake wamelelewa na fikra ya Couchsurfing, mtandao wa kuwaunganisha wasafiri na wenyeji wa kuwalaza, ulioanza mwaka 2004 kwa kanuni kwamba mwenyeji hatozi. Huko mjini Ulaya, kumlaza mtu kwenye kochi ambalo lingekaa tupu usiku pengine hakumgharimu mwenyeji. Na hata wenye mtandao, Mei 2020, walianza kuwatoza wanachama wa nchi nyingi ada; mwenyeji ndiye aliyebaki kutopata kitu. Ukiihamishia kanuni hiyo Makangale, anayelipia safari yako ni mama anayenunua kitoweo kwa pesa ya karafuu. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji anapona vipi?

Usiku wa mwisho nilikaa na bi mkubwa jikoni tukahesabu: samaki, mchele, nazi, mkaa, umeme, sabuni. Alikuwa anaona haya, akisema nyumba yake si hoteli. Nikamwambia, bi, mgeni mwema anataka kujua, asije akatoa kidogo akakudhulumu. Alikwenda kushauriana na mumewe. Asubuhi akaniambia shilingi 30,000 kwa usiku, na milo mitatu ndani yake. Nililipa hiyo, na atakayefuata akisikia tena "toa ulichojaaliwa," aanzie hapo.