Blood Bank ya Bon Iver: niliionja kama kiporo

Kwa karibu mwaka mzima, EP hii (yaani rekodi fupi kuliko albamu) kwangu ilikuwa na nyimbo tatu. Wa nne upo, nauona pale chini umeandikwa "Woods", ila ukianza tu kidole kinakwenda chenyewe kuuruka. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nawacheka wahakiki wa 2009, walioiona kama masalia ya albamu iliyoitangulia, kana kwamba mimi nilipatia. Sikupatia.

Niliifikia Blood Bank kwa njia waliyopita wengi, yaani kupitia albamu ya kwanza ya Bon Iver, For Emma, Forever Ago. Hadithi yake imesimuliwa mpaka imechakaa: Justin Vernon, mwimbaji aliye nyuma ya jina Bon Iver, bendi imemvunjikia, mapenzi yamemvunjikia, mwili unaumwa, anajifungia kwenye kibanda cha baba yake cha kuwindia huko Wisconsin, Marekani, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007. Anatoka na albamu. Hata jina Bon Iver ni Kifaransa cha "baridi njema" kilichopunguzwa herufi moja. Lebo, yaani kampuni ya muziki, ya Jagjaguwar iliisambaza albamu ile mwaka 2008, na Januari 2009 ikafuata hii EP, nyimbo nne, kama dakika 17 hivi.

Sasa, kutoka nyuma ya albamu kama ile ni sawa na kuzaliwa mdogo wa mtu maarufu. Huitwi jina lako, unaitwa mdogo wake fulani. Lebo yenyewe ilichangia, maana iliitambulisha EP hii kama joto linalomvusha mtu kwenye ile baridi ya Emma. Wahakiki wakaipokea kwa mkono huohuo. Wengi waliisifu, tuwe wakweli, haikupondwa. Lakini zilikuwa sifa za mtoto anayefanana na kaka yake: sauti ni ileile, uchungu ni uleule, itatushikilia mpaka albamu ijayo. Kiporo kitamu, lakini kiporo.

Kinachonichekesha ni kwamba wimbo wa kwanza, uliobeba jina la EP, unaanza na jambo hilohilo. Watu wawili wako benki ya damu, wanatazama mifuko, wanabahatisha kama kuna rangi inayolingana na majina wanayoyajua. Mmoja anaonyesha: ule pale ni wako, umewekwa juu ya wa kaka yako, tazama mlivyofanana hata mkiwa ndani ya plastiki. Halafu ghafla tuko ndani ya gari, theluji imewakwamisha, mmoja anamsugua mwenzake mikono huku anatafuna chokoleti. Ni hiyo chokoleti iliyoninasa. Kwenye Emma maneno mengi yalikuwa ukungu, unasikia hisia bila kujua nani kafanya nini. Hapa kuna gari, kuna mikono, kuna mtu mdomo umejaa. Gitaa la umeme linashikilia sehemu moja tu kama mtu anayetembeza kiti sakafuni, linazidi kukwaruza kadiri wimbo unavyokwenda, na Vernon anarudia kwamba hilo jambo analijua vizuri. Jambo gani, hasemi. Huu ndio wimbo uliosifiwa zaidi kipindi kile, na hapo sina ugomvi na mtu.

"Beach Baby" ni mfupi, mzuri, una gitaa la kutelezesha chuma kwenye nyuzi mwishoni, na ukiisha umeisha. Hiki ndicho kiporo chenyewe. "Babys" nao ni piano inayogongwagongwa haraka bila kupumzika mpaka unasubiri kitu kikatike, na kweli kinakatika, inabaki sauti na nafasi tupu, kisha piano inarudi. Kuusikia mara ya kwanza ulinichosha. Siku hizi naupenda kwenye hedifoni, si kwenye spika.

Turudi kwenye "Woods".

Siku moja nilikuwa nafua, simu iko juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imejaa povu. EP ikafika wimbo wa nne na sikuwa na kidole kikavu cha kuuruka. Mdogo wangu wa kike akapita, akasimama.

"Kaka, hiyo simu imeingia maji?"

"Haijaingia maji, ndivyo anavyoimba."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikanyamaza nikasikiliza, labda ili nipate la kumjibu. Hamna gitaa. Hamna ngoma. Ni sauti moja iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha na kubadili sauti ya mwimbaji, inaimba mistari minne tu: yuko msituni, kichwa kimemlemea, anajenga mtambo wa pombe ili muda upunguze mwendo. Neno alilotumia kwa Kiingereza, "still", lina maana mbili, mtambo huo na utulivu, na nadhani anazitaka zote. Kisha mistari ileile inarudi na sauti ya pili. Inarudi na ya tatu. Nyingine inakaa chini, nyingine inapanda juu, mpaka unasikia kwaya nzima ya mtu mmoja, na ndani yake kuna sauti inayojitenga na kuanza kulia. Ile mashine niliyodhani inaficha uchungu ndiyo iliyokuwa inauzidisha. Nguo zilipoa kwenye maji.

Ukiangalia tarehe utaelewa kwa nini wengi waliona ni mchezo au majaribio. Novemba 2008, miezi miwili tu kabla, rapa Kanye West alikuwa ametoa albamu iliyojaa Auto-Tune, 808s & Heartbreak, na Auto-Tune ilikuwa imetapakaa redioni. Mtu wa gitaa na kibanda cha msituni kuishika wakati huo kulionekana kama utani uliowekwa mwisho wa EP kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuuweka. Kisha 2010 Kanye huyohuyo akauchukua "Woods" akajengea juu yake "Lost in the World", kwenye My Beautiful Dark Twisted Fantasy. Na 2016 Bon Iver ilipotoa albamu ya 22, A Million, humo mlikuwa na wimbo mzima wa sauti ya Vernon peke yake, imepitishwa mashineni, bila ala nyingine. Wapo walioshtuka kwamba amebadilika. Alikuwa ameshabadilika Januari 2009, wimbo wa nne, pale tulipokuwa tunauruka.

Ndiyo maana siamini sana uhakiki unaopima EP kwa kuiweka ubavuni mwa albamu iliyotangulia. Nyimbo tatu za kwanza zinatazama nyuma, kwa hiyo kipimo kile kinazitosha. Wa nne haukuwa na cha kulinganishwa nacho bado. Mhakiki ana siku chache za kusikiliza na kuandika, na mimi nilikuwa na mwaka mzima na bado nilihitaji povu mikononi.

Kuna toleo la maadhimisho la 2020 lenye nyimbo zote nne pia zilizorekodiwa jukwaani. Kama tayari unaipenda, lichukue. Kama ndiyo unaanza, baki na zile nne za awali kwanza.

Natoa nyota nne kati ya tano, na iliyopungua ni ya "Beach Baby". Angalizo moja kwa wanaosikiliza kwenye simu: "Woods" unaishia kwenye sauti, na programu nyingi zikiona EP imeisha zinachomeka wimbo wa mtu mwingine hapohapo, hata hujashusha pumzi. Mimi nilichomekewa tangazo la bima. Zima hiyo kitu kabla hujaanza.